Majira ya baridi Larnaca: niliyojifunza kando ya ziwa la chumvi

Mtu wa pwani yetu akisikia "Ulaya, mwezi wa kwanza", picha inayomjia ni theluji, miti mikavu na watu waliojifungia ndani. Cyprus haiko hivyo. Hapa kinachoua ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua ni ya kusikia tu, nyasi hukauka hadi kuvunjika mkononi, na mito mingi hubaki kokoto tupu. Mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Ikifika Januari mashamba yamevaa kijani, na kandokando ya barabara kumejaa maua madogo ya njano ambayo asili yake ni Afrika Kusini; yaliletwa na watu, yakagoma kuondoka. Kwa lugha ya mkulima wa kwetu, baridi ndiyo masika yao. Ndege wanalijua hilo kuliko watalii, wanaomiminika Julai kuja kuungua na jua.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja kwa masomo, nikabakia kwa kazi ya jikoni kwenye hoteli ya ufukweni, na hoteli za ufukweni majira ya baridi hupunguza zamu kwa kuwa wageni hakuna. Ukipunguziwa zamu unapata asubuhi nyingi na pesa kidogo. Ziwa lipo mwendo mfupi wa baiskeli kutoka katikati ya mji, halina kiingilio, halina mlinzi wa tiketi. Ndivyo nilivyoanza kutazama ndege, na sioni haya kusema kwamba bei ndiyo iliyonivuta.

Ziwa la chumvi la Larnaca liko baina ya mji na uwanja wa ndege wa kimataifa. Ndege za abiria hushusha magurudumu karibu kabisa na vichwa vya heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, nao hata hawainui shingo. Kwa hakika si ziwa moja, ni mabwawa kadhaa, na kubwa kuliko yote wenyeji huliita Aliki. Tangu 2001 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sakafu yake iko chini kidogo ya usawa wa bahari, kwa hiyo lina chumvi hata kama maji mengi unayoyaona yametoka mawinguni. Kiangazi maji yote hukauka, inabaki sahani nyeupe inayoumiza macho. Kwa karne nyingi watu walikwangua chumvi hiyo na kuisafirisha kwa meli. Kazi ikakoma miaka ya 1980. Leo anayevuna ni ndege.

Chini ya tabaka la chumvi, ndani ya tope, yamelala mayai ya uduvi mdogo sana aitwaye Artemia. Mayai hayo yana ganda gumu, na yanaweza kukaa makavu kwa miaka bila kufa. Mvua zikilijaza bwawa huanguliwa. Uduvi unakula mwani, heroe wanakula uduvi. Mvua zikichelewa hakuna karamu. Zikizidi kipimo, maji hupoteza ukali wa chumvi na uduvi haustawi. Kila kitu kinategemea kiasi cha maji, kiasi ambacho hakuna mwaka unaofanana na mwaka mwingine. Nimeuona mwaka ambao Desemba ilipita na bwawa ni tope tu, heroe wakawa kundi dogo pembeni, wamejikunyata. Nimeuona mwingine ambao mvua za Novemba zilinyesha vizuri, na kufikia Krismasi upande wa kusini ulikuwa mstari mrefu wa waridi kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa hiyo kabla ya kutoka na darubini mimi huangalia mvua. Si mvua ya leo, ni ya wiki kadhaa zilizopita. Bwawa kuu likiwa tupu, mara nyingi vile vidimbwi vya pembeni karibu na uwanja wa ndege vina kitu. Hivyo navyo vikiwa vikavu, nauliza habari za Akrotiri, kule karibu na Limassol, kwenye ziwa jingine la chumvi kubwa zaidi. Watu wanaokuja na orodha ya ndege wanaotaka kuwaona, na siku mbili tu za kuwaona, hurudi wakilalamika kwamba kisiwa hakina kitu. Kisiwa kina kitu. Hawakujua tu maji yamelalia wapi.

Sasa heroe wenyewe. Hawa si wale wanaojaza Ziwa Natron na Bogoria. Wale wengi wao ni heroe wadogo, wenye mdomo wa wekundu mzito, wanaochuja mwani wa hadubini. Wa Larnaca ni heroe wakubwa: warefu, weupe waliopakwa waridi kidogo, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Nao tunao Afrika Mashariki, wachache katikati ya maelfu ya wadogo. Nina rafiki, dada wa Kilifi anayemtunza bibi mmoja mzee hapa mjini. Mara ya kwanza kumleta ziwani alisimama mkono kiunoni.

"Kaka, hawa si ndio wale wa Nakuru? Mbona wamepauka hivi?"

"Wale ni wadogo, dada. Hawa ni kabila jingine, wakubwa."

"Na wale wa kijivu? Wagonjwa?"

"Watoto wale. Rangi inatoka kwenye chakula, bado hawajaila ya kutosha."

Akanitazama kama anayepima kama namtania. Sikuwa namtania. Uduvi na mwani vina rangi za jamii moja na ile inayofanya karoti iwe karoti, na heroe huzihifadhi kwenye manyoya. Ndege mchanga hutoka kijivu na hudhurungi, na humchukua miaka kadhaa kufika kwenye waridi kamili. Ukiona kundi lenye vijivu vingi, ujue huko walikozaliwa msimu wa kuzaa ulikuwa mzuri. Hapa Cyprus hawazaliwi. Makoloni yao yako kwingineko, kubwa mojawapo likiwa Ziwa Tuz katika nyanda za kati za Uturuki.

Ukitaka kumjua heroe, usiishie kumpiga picha. Kaa umwangalie mmoja tu kwa nusu saa. Shingo inashuka hadi mdomo wa juu unakuwa chini, kichwa kimepinduka. Ulimi unafanya kazi ya pampu, unavuta maji na kuyasukuma nje kupitia vichujio vilivyopangwa kwenye kingo za mdomo, haraka kiasi kwamba ukiwa karibu unaona maji yakitetemeka pembeni. Wakati huo miguu haijatulia. Anakanyaga pale pale, kushoto, kulia, kushoto, kama mfinyanzi anayelainisha udongo, huku mwili ukizunguka taratibu na kichwa kikibaki katikati ya duara. Tope linapanda na vilivyomo vinapanda nalo. Mwishoni mwa msimu, maji yakishapungua, unaiona sakafu ya bwawa imejaa maduara hayo, kila moja na kichuguu katikati. Ni alama ya mlo mmoja wa ndege mmoja. Nilipita kando ya maduara hayo muda mrefu nikidhani ni kazi ya magari.

Mwanga nao una ratiba yake, na hapa Larnaca ratiba hiyo ni rahisi kuikariri. Njia ya waenda kwa miguu iko ukingo wa mashariki, upande wa mjini. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na kila unyoya unaonekana. Baada ya saa nane mchana upande huo haufai kitu, unatazama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Hapo zunguka uende magharibi, kwenye msikiti wa Hala Sultan Tekke. Na uende mapema, kwa sababu Desemba na mwanzoni mwa Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: hata kwenye baridi, mchana ukiwa na jua, hewa juu ya chumvi hucheza. Darubini nzuri namna gani, ndege wa mbali watakuwa wanayeyuka. Saa mbili za kwanza tangu jua kuchomoza ndizo za kazi. Zilizobaki ni za matembezi.

Kuhusu Tekke siwezi kupita haraka. Umezungukwa na mitende na misonobari, kuba na mnara mmoja, ukingoni mwa maji. Ndani amelala Ummu Haram binti Milhan, dada wa mama yake Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yao. Waliosoma madrasa wanakijua kisa chake katika Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamka akitabasamu, akasema ameoteshwa watu wa umati wake wakipanda bahari kama wafalme kwenye viti vyao vya enzi, naye Ummu Haram akamwomba amwombee awe miongoni mwao. Alikuja na msafara wa Muawiya enzi za khalifa Uthman, akaanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafariki. Nilikisikia kisa hicho nikiwa mtoto, nimekaa kwenye jamvi Ngamiani, na Cyprus ilikuwa jina tu. Sasa huswali Alasiri pale, kisha natoka na darubini shingoni, na heroe wako hatua chache chini ya ukuta. Kuna paka wengi mno. Wageni wanawapenda, mimi kwa ajili ya ndege wadogo wa vichakani ningependa wapungue.

Heroe ndio wanaovutia kamera, ila baada ya muda utagundua kwamba hao ndio rahisi. Bwawa lina wengine. Kuna bata wakubwa weupe wenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na mkanda wa hudhurungi kifuani. Kuna bata wenye mdomo mpana uliochanuka mbele, hao huogelea wakizunguka, kila mmoja nyuma ya mkia wa mwenzake, wakichuja kilichotibuliwa na aliyetangulia. Kingo za tope zina vitwitwi wa aina tofauti, wale wale tunaowaona maji yakitoka kule Tanga na Mombasa, na wakati wa baridi wote wamevaa kijivu ili wakuchanganye. Ushauri wangu kwa anayeanza: usianze na vitwitwi. Utakata tamaa. Anza na kilicho mlangoni kwako.

Mlangoni kwangu alikuwepo ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Wazungu humpenda hadi kumchora kwenye kadi za Krismasi. Waingereza humwita robin. Nyuma ya jiko letu kuna mzeituni mmoja mkongwe na mapipa ya takataka, na kila mwaka mwishoni mwa Oktoba yeye au mwenzake huja kuumiliki. Cyprus hazai, huja tu kukimbia baridi ya kaskazini. Ni ndege wa uzito wa barua mbili, lakini ubabe wake sijauona kwa mwewe. Akija mwenzake kwenye ukuta, anapanda tawi la juu, anainua kidevu ili kifua kionekane, anayumba kushoto na kulia. Mgeni asipoelewa, wanapigana kweli, hadi chini kwenye saruji. Wapishi wenzangu walitoka na sigara zao kuangalia, mmoja akaanza kuchangisha dau.

Na huimba. Ndege wengi wa Ulaya hunyamaza majira ya baridi, kwa sababu kuimba ni kazi ya kutafuta mchumba. Huyu huimba Desemba kwa sababu analinda shamba, na majike huimba pia, kila mmoja peke yake kwenye eneo lake. Nilipolijua hilo nilianza kusikiliza kwa namna nyingine. Nikitupa taka saa moja asubuhi namsikia wa mzeituni, wa pili yuko bustani ya jirani, wa tatu ng'ambo ya barabara. Unaweza kuchora mipaka yao bila kuwaona. Sikio likishazoea sauti hiyo moja, nyingine zinaanza kujitenga zenyewe: mlio mkavu wa ndege mweusi mwenye mkia mwekundu juu ya paa, kelele za kwezi wa kaskazini waliojazana kwenye nyaya. Yote hayo nyuma ya hoteli, kabla hujapanda baiskeli.

Vifaa havihitaji utajiri. Darubini ya 8x42 inatosha: nane ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji watakusukumia ya ukuzaji wa 12 au 16. Kataa, mikono yako inatetemeka na hizo huukuza mtetemeko pia. Darubini kubwa ya miguu mitatu ni nzuri kwa heroe, maana baadhi yao wana pete za plastiki miguuni zenye herufi, na anayezisoma anaweza kuambiwa ndege huyo alifungwa pete wapi na mwaka gani. Kazi hiyo ya pete ilianza Camargue, Ufaransa, mwaka 1977, na sasa hufanywa kwenye makoloni mengi ya Mediterania. Lakini kubwa hiyo ni ghali, na mimi huomba kuchungulia kwa wazee wa kizungu waliohamia hapa baada ya kustaafu. Hawajawahi kunikatalia. Nadhani hufurahi kupata mtu wa kumwelekeza.

Chukua pia kitabu cha ndege chenye picha, hata kama una programu kwenye simu. Nasema hivyo kwa sababu ya walinzi. Cyprus ni kisiwa kilichogawanyika tangu 1974, kina mstari wa Umoja wa Mataifa katikati na kambi mbili kubwa za jeshi la Uingereza. Akrotiri yenyewe, ziwa na yote, imo ndani ya eneo la Uingereza. Mtu mweusi aliyesimama kando ya uzio wa uwanja wa ndege na darubini hawezi kukosa kuulizwa maswali. Nimeulizwa. Nilifungua kitabu ukurasa wa bata, nikamwonyesha mlinzi bata mwenyewe majini, akaomba darubini achungulie, mambo yakaisha. Usielekeze lenzi kwenye kambi, usipige picha ya antena kwa kuwa kuna kozi ametua juu yake. Kozi atahama, wewe ndiye utakayebaki kujieleza.

Dada wa Kilifi mapumziko yake ni Jumapili tu, kama walivyo wafanyakazi wengi wa majumbani hapa. Na Jumapili, pamoja na Jumatano, ndizo siku hasa za kuwinda majira ya baridi. Kwa hiyo siku yake moja ya kuona ndege ndiyo siku ya bunduki. Mashambani nje ya mji milio huanza alfajiri, ndege wote wametawanyika, na vichakani kuna watu wenye fulana za rangi kali na mbwa. Uwindaji wa vibali ni halali na wenyeji wengi wanaupenda. Mimi mgeni sitawafundisha maisha. Ninachofanya ni kumpeleka dada ziwani au kwenye bwawa la Oroklini siku hiyo, ambako bunduki hazipigwi. Oroklini ni kibwawa kando ya barabara kuu, malori yanapita kwa kishindo, lakini kuna kibanda cha mbao chenye matundu ya kuchungulia, na ndege wameshazoea malori. Hawajazoea mtu anayetembea wima ukingoni. Ukikaa kibandani wanakuja hadi unaona rangi ya jicho.

Bunduki zina madhara mengine yasiyo na mlio. Karibu na ziwa la Larnaca kulikuwa na uwanja wa kulenga shabaha, uliofungwa zamani, lakini chembe zake za madini ya risasi zilibaki kwenye tope. Heroe humeza changarawe ndogo ili zimsagie chakula tumboni, na hana namna ya kutofautisha changarawe na risasi. Mwanzoni mwa 2021 habari za heroe waliokufa hapa kwa sumu hiyo zilienda dunia nzima. Tangu Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kutumia chembe za risasi kwenye ardhioevu na mita 100 kuzizunguka. Ni hatua, ingawa sheria hiyo haichoti kilichokwisha kuzama.

Halafu kuna ulimbo. Hili lilinigusa zaidi, maana nalijua kwa mikono yangu. Utotoni tulitega kwa utomvu wa mfenesi, tukaupaka kwenye vijiti, tukaviweka juu ya mpapai, shomoro wakinasa tunagawana. Upande wa mashariki wa kisiwa, nikiwa natembea kwenye bustani iliyotelekezwa, nilikuta kijiti kimelazwa kwenye uma wa tawi, kinang'aa, kimeganda unyoya mmoja wa kijivu. Sikuhitaji kuelezwa. Hapa ulimbo hupikwa kutokana na matunda ya mti wa Cordia, jamii moja na mringaringa wetu, na mteja wake si mtoto mwenye njaa. Ndege anayetakiwa hasa ni mdogo wa kijivu, dume ana kofia nyeusi na jike ya hudhurungi. Hupikwa mzimamzima, chakula kinachoitwa ambelopoulia, na sahani moja huuzwa kwa siri kwa makumi ya euro. Ni marufuku tangu 1974, lakini mitego ipo, ulimbo na nyavu pia. Ulimbo hauchagui. Hunasa bundi mdogo, hunasa kila kitu.

Ukikikuta kijiti hicho, usikiguse na usimvute ndege aliyenasa, utamng'oa manyoya na miguu. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, ondoka, kisha toa taarifa kwa idara ya wanyamapori au shirika la BirdLife Cyprus. Wategaji hawapendi mashahidi, nami sikuja kisiwani kutafuta ugomvi msituni.

Ndege huyo mwenye kofia nyeusi baadhi yao hufika hadi kwetu Afrika Mashariki. Hapo ndipo majira ya baridi ya kisiwani hupata maana yake kwangu. Wasafiri wa kaskazini hugawanyika: kuna wanaoona Cyprus inatosha, wakatua wakakaa, na kuna wanaopita juu yake wakaendelea Misri, Sudan, Ethiopia, hadi Tanga na zaidi. Keremkerem hupita Septemba kwa kelele na kurudi Aprili. Mbayuwayu Januari hapa ni wa kutafuta. Hata mmoja wa ndege wachache ambao hawazalii popote duniani isipokuwa Cyprus, mdogo mweusi na mweupe anayependa kukaa juu ya mawe, hukimbilia Sudan na Ethiopia baridi ikija. Nikimpigia mama simu humuuliza kuhusu mbayuwayu kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba. "Wamejaa, mwanangu, wananichafulia kanga zangu," ananijibu. Anadhani namuuliza kwa kukumbuka nyumbani, na hajakosea sana.

Tai mzoga wa miamba ya Episkopi nitawagusia kidogo, kwa sababu nimewaona kwa mbali tu. Wamebaki wachache sana, wengi wameuawa na mizoga iliyotiwa sumu kwa ajili ya mbweha na mbwa, na miaka ya karibuni wameletwa wengine kutoka Hispania kuongezea. Kaa chini ya miamba siku ya upepo wa bahari, usichoke shingo.

Kilichonibadilisha kutoka mtazamaji kuwa mtu wa kazi ni hesabu ya Januari. Kila mwaka tangu 1967 nchi mbalimbali huhesabu ndege wa maji katikati ya Januari kwa wakati mmoja, na takwimu hukusanywa na Wetlands International. Afrika nayo imo. Unapohesabu, ndege wanaacha kuwa mandhari. Heroe elfu moja hawahesabiki mmoja mmoja, watakuwa wamehama hujafika nusu. Unahesabu kumi, unaangalia kumi hao wamechukua upana gani kwenye darubini, unapata mia, kisha unahesabu kwa mamia. Hesabu miili, vichwa vingi vimo majini. Usihesabu miguu ugawanye kwa mbili, maana nusu yao wamesimama kwa mguu mmoja. Kuwe na watu wawili, mmoja akitazama mwingine akiandika, na kila mmoja ahesabu kivyake kabla ya kulinganisha, la sivyo wa pili atamfuata wa kwanza bila kujijua.

Dada wa Kilifi sasa ana darubini yake, ya mtumba, ina mkwaruzo lenzi ya kushoto. Jumapili ya mazoezi tulisimama ukingo wa mashariki, jua mgongoni, daftari juu ya tandiko la baiskeli.

"Mia tatu na arobaini," akasema.

"Mimi nimepata mia tatu na kumi."

"Wale waliolala nyuma ya kisiwa cha tope umewahesabu?"

"Wapi?"

"Basi anza upya, kaka. Mimi nanywa chai nakungoja."